Ninawajazia wenzangu maombi ya kazi, mimi mwenyewe kazi sina

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni msichana wa miaka 26, mwenyeji wa Kibakwe wilayani Mpwapwa, kwa sasa naishi Nkuhungu hapa Dodoma mjini kwa mama yangu mdogo. Nilimaliza stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu mwaka 2021. Tangu hapo nimeomba kazi mpaka nimeacha kuhesabu.

Mama mdogo ana steshenari mjini, jirani na ofisi za serikali. Mwaka 2022 alinichukua ili nimsaidie kidogo wakati nasubiri kazi. Kidogo hicho hakijaisha mpaka leo. Nafungua saa moja na nusu asubuhi, nafunga saa mbili usiku, Jumatatu mpaka Jumamosi. Ananipa shilingi 120,000 kwa mwezi, nakula na kulala kwake. Kazi yenyewe si fotokopi tu. Nawajazia watu maombi kwenye Ajira Portal, mfumo wa kuombea kazi za serikali, nawaombea TIN, namba ya mlipakodi, nawasajilia majina ya biashara BRELA, nawahakikia vyeti vya kuzaliwa RITA, na ukifika msimu wa mikopo ya wanafunzi ya HESLB foleni inatoka nje mpaka barabarani. Tangu mfumo wa zabuni za serikali, NeST, uanze, wapo mafundi na mama lishe wanaokuja kuniulizia mimi kwa jina. Nina kaunta buku lenye paswedi za watu zaidi ya mia mbili, maana wakiondoka wanasahau, wakirudi wananigombeza mimi. Kuna niliowajazia maombi wakaitwa kwenye usaili, wakapata kazi, wakarudi kuninunulia soda.

Mwezi wa tano mwaka huu nikaitwa na mimi. Kampuni moja inayonunua alizeti ilikuwa inatafuta makarani wa takwimu wa msimu. Tulifika watu kumi na wawili. Kila mtu akawekwa kwenye kompyuta yenye faili la Excel: majina ya wakulima kama mia nne, vijiji vyao, na kilo walizouza. Tukaambiwa ndani ya dakika 40 tuondoe walioandikwa mara mbili, halafu tuseme kila kijiji kimeuza kilo ngapi. Mjomba, mimi ninayeshinda kwenye kompyuta niliganda. Nikaanza kushuka mstari kwa mstari huku najumlisha kwenye simu. Muda ulipoisha nilikuwa kijiji cha tatu. Kijana wa pembeni yangu alishamaliza zamani, anachezea kalamu. Kwenye daladala ya kurudi nililia mpaka Nkuhungu.

Sasa kuna chuo mjini, juu ghorofani, kinatangaza kozi ya miezi mitatu ya "Ujuzi wa Kidijitali": kompyuta, kutengeneza tovuti, masoko ya mtandaoni, kubuni matangazo, na akili mnemba. Ada ni 650,000. Kwenye bango wameandika "Ajira asilimia 100". Kibubuni nina 480,000, na kaka yangu amesema zinazobaki ataongezea. Mama mdogo hataki kusikia. Anasema, "Wewe kompyuta si unaijua? Kozi ya nini? Na dukani atakaa nani?" Rafiki yangu naye anasema hizi kozi ni biashara ya vyeti, na siwezi kumbishia sana, kwa sababu nimeshahudhuria mafunzo mawili ya bure ya miradi, siku tano tano kwenye ukumbi wa hoteli. Nilitoka na fulana mbili, vyeti viwili na nauli.

Halafu kuna namba imenitumia ujumbe WhatsApp: kazi ya mtandaoni ya kuchapa nyaraka nikiwa nyumbani, mshahara laki tisa, ila nitangulize 35,000 ya usajili. Hiyo bado sijaituma.

Mjomba, ada nilipe au nisilipe? Na mama mdogo nizungumze naye vipi asinione sina shukrani?

Mpwa wako,
Nkuhungu, Dodoma


Marahaba, mpwa wangu.

Hiyo 35,000 usiitume. Mwajiri humlipa mfanyakazi, na anayetaka alipwe yeye kwanza anatafuta hela ya mboga kwako. Tuma namba yake kwenda 15040, huko ndiko taarifa za namba za matapeli zinakopokelewa, kisha mfungie. Hilo limeisha.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika kwenye alizeti nasimama. Wewe umeieleza siku ile kama siku ya aibu, ukaiacha, ukakimbilia kwenye bango la chuo. Mimi nakuomba turudi pale kwenye kiti, dakika zile 40, kwa sababu pale ndipo mtu alikuonyesha bila kukutoza hata senti ni kitu gani hasa hukijui na ambacho kampuni iko tayari kukilipia. Wenye bango hawajui umepungukiwa nini. Wao wana kapu la vitu vitano na wanataka ulinunue lote.

Tuangalie lile faili. Majina mia nne, vijiji, kilo. Yule kijana mwenye kalamu hakukuzidi akili. Alijua kwamba kabla ya kugusa kitu unatengeneza nakala ya faili, ile ya asili unaiacha ilivyo. Wewe uliyesomea kumbukumbu hilo ulishafundishwa, ila kwenye makabrasha. Pili, alijua kwamba waliochapa yale majina walikuwa wamechoka. Kibaigwa mmoja ameandikwa vizuri, Kibaigwa mwingine ana nafasi tupu mwishoni ambayo jicho haliioni. Excel kwenye mambo hayo haijali herufi kubwa wala ndogo, lakini ile nafasi inaihesabu, na itakupa Kibaigwa mbili kila moja na kilo zake. Kuna fomula inaitwa TRIM, kazi yake ni kufyeka nafasi za namna hiyo. Baada ya hapo kuna kitufe cha kuondoa marudio, na kuna jedwali wanaloliita pivoti: unaburuta "kijiji" upande wa mistari, unaburuta "kilo" upande wa hesabu, jumla ya kila kijiji inajitokeza yenyewe. Mtu aliyefanya mazoezi kwa wiki mbili hiyo ni kazi ya dakika kumi.

Lakini kuna kitu hapo ambacho nina wasiwasi hata mwenye kalamu hakukiwaza. Mkulima aliyeandikwa mara mbili na mkulima aliyeuza mara mbili ni watu wawili tofauti. Mama yako huko Kibakwe, kama analima alizeti, hapeleki magunia yote siku moja. Anapeleka mawili leo ya ada, anabakiza mengine akisubiri bei. Jina lake litaonekana mara mbili na mara zote mbili ni halali. Ukibonyeza ondoa marudio kwa jina peke yake umemfutia mama mauzo ya pili na kilo zake, na siku ya malipo atakuja ofisini kudai. Kwa hiyo karani anayejua kazi anaangalia tarehe, kilo na namba ya simu, na akiona utata ananyoosha mkono kuuliza: "Huyu ameuza mara mbili au ameandikwa mara mbili?" Swali hilo kompyuta haitakuulizia. Linatoka kwa mtu aliyekulia kwenye alizeti na akasomea kumbukumbu. Kwa kipande hicho wewe umekizidi chumba kizima. Umepungukiwa na TRIM na pivoti.

Ndiyo maana nasema 650,000 usilipe. Si sasa. Hiyo ni zaidi ya mishahara yako mitano, na ni gharama ya kutafuta kitu ambacho mashine ya dukani inacho tayari. Kama hapo dukani Excel haipo, kuna programu ya bure inaitwa LibreOffice, sehemu yake ya Calc inafanya hayo hayo kwa majina yanayofanana. Video za kufundisha Excel kwa Kiswahili ziko YouTube, pakua chache siku ukiwa na bando, kisha jifunze bila intaneti. Ukitaka kwenda mbele zaidi, Cisco Networking Academy na freeCodeCamp wana masomo ya bure, ingawa mengi ni ya Kiingereza na yanahitaji uvumilivu. Kimoja kimoja, usifungue vyote ukaishia kuvitazama.

Na mazoezi usifanye kwa mifano ya kitabuni ya maembe na machungwa. Nakupa kazi. Kuanzia Jumatatu, kwa siku 30, kila mteja anayeingia dukani mwandike kwenye shiti: tarehe, saa, huduma aliyotaka, kiasi alicholipa, mteja mpya au wa siku zote. Jina lake usiandike, halihitajiki. Wiki ya kwanza utakosea, utaandika "fotokopi" leo na "photocopy" kesho, na hapo ndipo utaelewa kwa nini watu wanasafisha takwimu. Siku ya 30 tengeneza pivoti mbili. Moja ionyeshe kila huduma imeingiza kiasi gani. Nyingine ionyeshe kila saa ya siku imeingiza kiasi gani. Chapa kwenye karatasi moja, weka kwenye bahasha. Tutaihitaji tukifika kwa mama yako mdogo.

Kuhusu chuo, sikukatazi milele. Huenda ni watu wazuri. Panda ngazi uende ukawaulize, na usiende na pesa siku hiyo. Waulize usajili wao uko wapi kwa NACTVET, baraza la serikali la elimu na mafunzo ya ufundi, kisha hakiki mwenyewe, baraza hilo lina ofisi hapa hapa Dodoma. Waulize darasa lina kompyuta ngapi na wanafunzi wangapi. Waulize kama unaweza kusoma Excel na takwimu peke yake kwa ada yake peke yake. Waombe wakukutanishe na watatu waliomaliza mwaka jana, uwasikie wanafanya kazi gani. Na hilo neno "asilimia 100", waombe waliandike kwenye risiti pamoja na jina la mwajiri. Uangalie nyuso zao. Kabla ya kurudi nyumbani pitia pia VETA, chuo cha ufundi cha serikali, uulizie kozi fupi za kompyuta na ada zake, ulinganishe.

Hayo mengine ya kwenye bango, tovuti na matangazo, yana watu wake. Kama moyo wako uko huko nenda. Ila vijana wa kubuni kadi za send-off mji huu unao wa kutosha, na wanalipana bei ya kutupa. Dodoma ni mji wa karatasi, mpwa wangu. Ulikuwa hivyo tangu enzi za CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu, na serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, wizara moja baada ya nyingine mpaka kule mji wa serikali wa Mtumba, karatasi zikaja nazo, na sasa karatasi zimeingia kwenye mifumo. Mimi nilianza ukarani kwa taipureta. Mwalimu wetu alifunika vidole vyetu kwa gazeti ili tusichungulie herufi, na ukikosea kwenye stensili unaanza upya. Nilikuwa na cheti cha kasi kimefungwa kwenye fremu. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa ofisini, aliyeitwa kuiwasha alikuwa mhudumu wa masijala asiye na cheti chochote, kwa sababu yeye ndiye pekee aliyejua faili gani liko wapi. Fremu yangu bado ninayo, mjukuu ameweka picha ya Simba ndani yake.

Zile fulana mbili za miradi nazo usizidharau sana, nyingine ulilala nazo wakati wa baridi ya mwezi wa saba. Shida ya mafunzo yale ni kwamba siku ya sita hakuna aliyekuuliza umefanya nini. Cheti chake kinathibitisha ulikuwepo ukumbini. Mwenye kampuni ya alizeti anataka kuona karatasi ya siku 30 ya duka.

Sasa NeST. Umeitaja kwa mstari mmoja kama jambo la kawaida, na mimi nimekaa nikatikisa kichwa. Mfumo huo ndio serikali inaonunulia vitu na huduma tangu mwaka 2023, na sheria ya ununuzi wa umma inataka asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi ya taasisi itengwe kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Hapa mjini kuna vikundi vya mama lishe wanaoweza kupikia mkutano wa watu mia mbili bila kutoka jasho, lakini wakifunguliwa ukurasa wa kupakia nyaraka wanaona giza. Anayewatoa hapo ni wewe, kwa bei ya fotokopi. Huo ni ufundi, mpwa. Kuna watu mji huu wanaishi kwa kazi hiyo tu: kusajili, kuandaa nyaraka za zabuni, kufuatilia ritani za TRA, kukumbusha tarehe. Jifunze kanuni zake vizuri, siyo vitufe tu. Ukijua kwa nini zabuni ya mtu imekataliwa, hapo umeacha kuwa mchapaji.

Lakini kaunta buku lile linanitisha. Paswedi mia mbili, na nadhani namba za NIDA ziko humo humo, juu ya kaunta, pembeni ya mashine, ambapo kila anayeinama kuchukua karatasi zake anaweza kusoma. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na tume yake ipo. Siku mtu akiingiliwa akaunti yake ya Ajira Portal, au jina lake la biashara likachezewa, wa kwanza kutajwa ni yule binti wa steshenari. Kila mteja akirudi, mwonyeshe namna ya kubadilisha paswedi kwa simu yake mwenyewe, aiandike yeye, kisha wewe ukate mstari wake. Kitabu kikiisha kichome. Nilitaka pia kukuuliza kuhusu wale wanaokuja wakinong'ona, "Dada, hebu nirekebishie hapa kwenye cheti, hii D iwe C." Najua wanakuja, steshenari zote wanakwenda. Kataa, hata kama ni jirani, hata kama ni shemeji.

Haya, twende kwa mama yako mdogo. Kwa kuwa wewe umeniita mjomba, kwa hesabu hiyo yeye ni dada yangu, kwa hiyo nitamsema kama ninavyosema dada zangu, uso kwa uso na bila kumvunjia heshima. Nikipiga hesabu ya saa zako, ni saa 75 kwa wiki. Hata nikitoa saa moja ya chakula kila siku, ambayo nina hakika unaila ukiwa umesimama kwenye mashine, zinabaki 69. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa 45 za kawaida kwa wiki. Saa za ziada zinatakiwa ziwe za makubaliano, zisizidi 50 ndani ya wiki nne, na zilipwe mara moja na nusu. Wewe unafikisha karibu mia. Sheria hiyo hiyo inataka mfanyakazi apewe masharti ya kazi yake kwa maandishi, na akichukua likizo alipwe. Shirika la Kazi Duniani tangu mwaka 1999 limekuwa likizungumzia kazi yenye staha, na watu wengi wakisikia hivyo wanafikiria ofisi ya kioo huko Mtumba. Kazi yenye staha inaweza kuwa hapo hapo kwenye kaunta mnapouza bahasha, ikiwa na saa zinazojulikana, malipo yanayojulikana na mchango wa NSSF.

Ila na dada yangu ana lake. Anakulisha, anakulaza, na chumba Dodoma tangu wizara zihamie si bei ile tuliyozoea. Analipa fremu, umeme, wino, rimu za karatasi. Hakukaa chini akapanga kukunyonya. Alikuchukua kama mtoto, biashara ikakua juu ya mgongo wa mtoto, na hakuna aliyesimama kuhesabu upya. Kwa hiyo usiende kwake na sheria mkononi, ijue tu kichwani. Nenda na bahasha.

Chagua Jumapili baada ya chakula, vyombo vikishaoshwa, wageni hawapo. Dukani mbele ya wateja usithubutu. Msalimie, kaa chini yake kidogo, mshukuru kwanza na umaanishe. Kisha toa karatasi. Kama mimi ndiye wewe ningesema hivi: "Mama, nimeandika mauzo ya mwezi mzima nikaona jambo. Fotokopi zinatuchosha kutwa lakini pesa nyingi imeingia kwenye NeST, BRELA na TRA. Na kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka tunafunga, angalia, tumeingiza kiasi hiki tu." Sijui namba zako zitasemaje, huenda zikakuumbua, na zikikuumbua uziseme hivyo hivyo. Lakini kama jioni duka linalala, omba mfunge saa kumi na mbili, muda huo uutumie kusoma hapo hapo kwenye mashine. Kwenye huduma za mifumo omba mgawane, hata theluthi iwe yako mwanzoni, ukijua kwamba wateja ni wa duka na hutawahamisha kwa kificho. Mkikubaliana, mwandike, hata nusu ukurasa, msaini wote wawili. Wewe ndiye mtunza kumbukumbu wa familia, hatashangaa.

Akikasirika, nyamaza siku hiyo. Mama wa Kigogo akikasirika Jumapili, Jumatano ameshawaza. Akikataa kabisa, endelea kusoma usiku, na wakati huo jiandikishe TaESA, huduma za ajira za serikali, wanaandikisha watafuta kazi bila malipo, na uulizie nafasi za utarajali kwa wahitimu. Hiyo 480,000 iache kibubuni iwe nauli na kodi ya miezi ya kwanza siku utakapoitwa mahali. Kaka yako mwambie ahadi yake uipokee kwa namna nyingine: kama ana kompyuta mpakato ya zamani, akupe hiyo.

Alizeti huku kwetu inavunwa kuanzia mwezi wa nne, wa tano, na wanunuzi hutafuta makarani kabla ya hapo. Usisubiri tangazo. Mwezi wa tatu nenda kwenye ofisi ya ile kampuni, vaa vizuri, mtafute aliyewasimamia siku ile, mwambie, "Mwaka jana nilishindwa mtihani wako. Naomba unipe tena lile faili." Ukifika kwenye yale majina yanayojirudia, nyoosha mkono uulize.

Msalimie dada yangu. Mwambie nina vyeti vya wajukuu vya kutoa fotokopi, nitapita wiki ijayo, na safari hii nitalipa.

Mjomba